Riwaya za Kesho kwa Rafiki Aliye Eldoret



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili safu yetu ya vitabu yamjibu rafiki. Ni mwenzetu tuliyesoma naye chuoni na skuli huku Pwani, kisha akaolewa, akahamia Eldoret na mumewe, na huko ndiko alikolea wanawe. Binti yake mkubwa sasa yumo katika mwaka wa pili wa masomo ya utabibu, Chuo Kikuu cha Moi. Rafiki yetu atuarifu kuwa kijana huyu ameshikwa na mapenzi ya riwaya za kubuni za kisayansi: hadithi za vyombo viendavyo baina ya nyota, za mashine zenye kufikiri, za watu waliopachikwa viungo vya chuma. Huzisoma usiku, huzisoma katika matatu, huzisoma hata jikoni na mwiko u mkononi.

Jamaa wamemwambia mama avizuie vitabu hivyo. Wengine wasema ni upuuzi umpotezeao mtoto wakati wa masomo. Wengine wasema vyaingilia mambo ya ghaibu. Mama hakutaka kukataza kitu asichokijua, wala hakutaka kunyamaza ilhali ana khofu moyoni. Ndipo akatuandikia kutuuliza kama pana ubaya, na kama hapana, tumtajie riwaya za karibuni atakazozisoma pamoja na mwanawe. Kuuliza si ujinga, na swali lake ni la akina mama wengi. Kwa hivyo twamjibu mbele yenu nyote, kwa idhini yake.

Tuanze na hilo la ghaibu, kwani ndilo zito. Sisi si mamufti, na mwenye shaka katika dini yake amwulize mwanachuoni aliye karibu naye. Lakini tofauti moja i wazi kwa kila asomaye. Mpiga ramli husema: jambo hili litakuwa. Huyo adai kuyajua yaliyo kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mtunzi wa riwaya husema: tuchukulie kuwa jambo hili limekuwa, je, sisi wanaadamu tutakuwa watu wa namna gani? Huyo hadai kujua, apiga mfano. Nasi tumelelewa kwa mifano tangu utotoni, majumbani na chuoni. Riwaya nzuri ya kisayansi haibashiri mambo ya mwaka 2100. Yatutazama sisi wa leo kwa mbali kidogo, mfano wa mtu apandaye mnarani kuutazama mtaa wake mwenyewe.

Wala jambo hili si geni katika umma wetu. Katika karne ya 12, huko Andalusia, tabibu na mwanafalsafa Ibn Tufayl alitunga kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Paa yule alipokufa, Hayy alimpasua kifua akitafuta kile kilichomtoka. Na kwa kutazama, kupima na kufikiri, akafika hata akamjua Muumba wake. Karne iliyofuata, Ibn al-Nafis, yule tabibu aliyeeleza jinsi damu ipitavyo kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi, naye alitunga kisa cha mtu aliyetokea peke yake pangoni, ili aonyeshe kuwa akili na wahyi havipingani. Basi binti asomaye utabibu akipenda visa vya kubuni, hafuati njia ya kigeni. Afuata nyayo za matabibu wa Kiislamu.

Na wanawake je? Mwaka 1905, Begum Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke wa Kiislamu wa Bengal, alichapisha kisa kiitwacho Sultana's Dream, yaani Ndoto ya Sultana. Ndani yake mna nchi iongozwayo na wanawake wenye ilimu: wapikia joto la jua, wavuna maji mawinguni kwa mitambo, wasafiri kwa vyombo vya angani, na wanaume ndio wakaao ndani. Ni kisa kifupi, mtu hukimaliza kwa kikao kimoja, nacho chachekesha. Lakini Bibi Rokeya hakuishia kwenye kicheko. Mwaka 1911 alifungua mjini Kolkata skuli ya wasichana wa Kiislamu, akaipa jina la marehemu mumewe. Aliloliota kalamuni alilianza kwa mikono yake.

Hata bahari yetu ina sehemu katika mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikapewa jina la Uhuru, kwa heshima ya uhuru wa Kenya. Basi asituambie mtu kwamba kuzitazama nyota na kujiuliza yaliyoko ni mambo ya watu wa mbali. Mabaharia wetu walizisoma nyota kabla ya jukwaa lile kujengwa.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe. Hatutataja vingi. Tutataja vile ambavyo twaona mama na binti waweza kuvikalia pamoja, na kila kimoja tutasema chauliza nini.

Cha kwanza chatoka nyumbani. The House of Rust, yaani Nyumba ya Kutu, kilichapishwa mwaka 2021, na mtunzi wake, Khadija Abdalla Bajaber, ni binti wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Mswada wake ulishinda tuzo ya Afrika ya wachapishaji Graywolf mwaka 2018. Na mwaka 2022 kitabu kikawa cha kwanza kabisa kupata tuzo iliyopewa jina la Ursula K. Le Guin, yule bibi wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa riwaya za kisayansi. Kwa kipimo cha wakali wa fani, hiki si kitabu cha sayansi. Ni cha maajabu ya bahari. Twakitanguliza kwa makusudi, kwa kuwa rafiki yetu atauona mji wake ndani yake.

Aisha, msichana wa Kihadhrami, ana baba mvuvi ambaye siku moja hakurudi. Watu wamekwisha kukata tamaa. Yeye aingia baharini kumtafuta katika mashua iliyoundwa kwa mifupa, akiongozwa na paka mwenye kusema, na huko akabiliana na madubwana ya kilindini. Hapo wengi wangedhani kisa kimekwisha. La. Uzito wake waja baadaye, Aisha arudipo nchi kavu akute nyumba ileile, nyanya yuleyule, na mipango ileile ya kumwoza, ilhali yeye si yuleyule. Swali la kitabu ni hili: binti akisharudi kutoka safari iliyompanua, je, nyumba yake itapanuka kumpokea? Rafiki yetu, swali hilo si la Aisha pekee. Mwanao naye, kila arudipo kutoka wodini, hurudi ameona mambo.

Cha pili ni Binti, cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Jina lake twalijua bila ya kamusi. Kilitoka mwaka 2015, kikapata tuzo za Nebula na Hugo, kisha kikafuatwa na vingine viwili, cha mwisho mwaka 2018. Ni vitabu vyembamba. La kwanza laweza kumalizika kwa siku mbili. Binti ni msichana wa Kihimba, watu wa kaskazini ya Namibia, ambao wanawake wao hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Yeye ana kipaji cha hesabu, na baba yake ni fundi wa asturlabu, chombo kilekile ambacho wanajimu wa Kiislamu walikitumia kupimia nyota na kujulia nyakati za sala, ingawa katika riwaya kimegeuka kuwa kitu cha kisasa zaidi. Akubaliwa katika chuo kikuu kilichoko kwenye sayari nyingine, wa kwanza katika kabila lake, naye aondoka usiku bila ya kuwaaga wazee.

Kabla ya kupanda chombo, watu wamtazama udongo wake, wamgusa nywele, wamsema kana kwamba hasikii. Mama yeyote aliyempeleka mwana wa buibui katika mji ambako wavaao buibui ni wachache ataijua ile hali. Kisha chombo chavamiwa na viumbe mfano wa kiwavi wa baharini, na wanafunzi wauawa. Sehemu hiyo ni kali, twaisema mapema. Lakini kwa nini wamevamia? Kwa sababu wanazuoni wa chuo kile walimkata mwiba mkuu wa viumbe hao, wakauweka katika makumbusho yao wautazame. Sisi wa Pwani tunaokumbuka vigango vya jirani zetu Wamijikenda, vilivyoibwa vikauzwa hadi vikaonekana katika makumbusho ya Marekani, na baadhi kurudishwa baada ya miaka mingi, hatuhitaji kufafanuliwa. Kitabu hiki chauliza kama ilimu iliyopatikana kwa dhuluma yaweza kuitwa ilimu, na msuluhishi ni msichana huyohuyo wa udongo mwekundu. Udongo huohuo, waliomcheka kwao, ndio uliotibu majeraha ya adui.

Cha tatu twakiweka hasa kwa ajili ya mama. Ni Klara and the Sun, yaani Klara na Jua, cha mwaka 2021, cha Kazuo Ishiguro, Mwingereza aliyezaliwa Japani na aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2017. Msimuliaji ni Klara, mashine yenye umbo la msichana, iliyonunuliwa dukani iwe rafiki wa mtoto mgonjwa, Josie. Polepole msomaji atambua kwa nini Josie augua. Katika dunia ile wazazi wenye uwezo huwabadilisha watoto wao maumbile kwa njia ya kitabibu, ili wapate nafasi katika vyuo vizuri. Na wapo watoto ambao miili yao haivumilii. Mama alijua hatari hiyo. Alikwisha kufiwa na binti mmoja. Akachagua tena.

Hakuna damu katika kitabu hiki wala maneno ya aibu, lakini kimetukalia kifuani kuliko vingine. Ni mara ngapi sisi wazazi tumemsukuma mtoto kwenye alama na nafasi, tukasahau kumtazama uso? Hatuna mashine ya kubadilisha maumbile, ila tuna masomo ya ziada ya alfajiri na ya usiku. Jambo moja la kuzungumza na kijana: Klara apata nguvu zake kwa mwanga wa jua, kwa hiyo aliamini jua kana kwamba lasikia maombi. Msomaji Mwislamu ataona hapo mfano wa zamani, wa kiumbe kisimamacho kwenye sababu kisimfikie Mwenye kuziumba sababu. Wala mtunzi si lazima awe alilikusudia hilo. Msomaji huja na macho yake.

Cha nne si kipya sana, ni cha mwaka 2005, na mtunzi ni huyohuyo Ishiguro: Never Let Me Go. Twakitaja kwa sababu ya Eldoret. Humo mna watoto walionakiliwa kutoka kwa watu wengine, wakalelewa vizuri katika skuli nzuri ya bweni, wakafunzwa kuchora na kutunga mashairi. Na walipokua, viungo vyao vikatolewa kimoja kimoja kuwatibu wengine, mpaka wakafa. Hakuna anayewapiga. Hakuna anayewafunga minyororo. Kila mtu katika kisa ni mpole, na upole huo ndio utishao.

Sasa tukumbuke. Mwaka 2025, habari zilienea duniani za tuhuma za biashara ya figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret: vijana wenye shida wakidaiwa kutoa figo kwa malipo, na wagonjwa wenye mali kutoka nje wakizipokea. Serikali ilisimamisha upandikizaji wa figo hospitalini humo na kuunda kamati ya uchunguzi. Sisi hatumhukumu mtu. Hiyo ni kazi ya wenye dhamana. Lakini rafiki yetu, jamaa wakikuambia kuwa hadithi za watu wakatwao viungo ni upuuzi wa mbali, waulize ni umbali gani kutoka mlangoni pako. Upandikizaji wenyewe ni ilimu yenye kheri na umeokoa roho nyingi. Ilimu hiyo haiharibiki kwenye kisu. Huharibika pale mwenye kisu asipouliza: huyu amelala hapa kwa hiari ya aina gani? Kitabu hiki chamzoeza msomaji kuuliza swali hilo kabla ya kuvaa koti jeupe. Kina mazungumzo ya vijana kuhusu mambo ya faragha, kwa hiyo ni cha binti wa chuo kikuu na mama yake; wadogo zake wangoje.

Kwa Kiswahili, twataka binti asome Walenisi, cha Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwana wa Pwani ambaye aliwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Ni cha mwaka 1995, lakini vijana wengi hawajakifungua. Dzombo ahukumiwa kufa, atiwa katika chombo kirushwacho angani kiwe jeneza lake. Naye akiongoza chombo hicho hadi akafika sayari ya watu waishio kwa usawa. Jina la sayari likisomwa polepole lasema lenyewe: wale ni sisi. Kiswahili chake ni kitamu, na chamwonyesha kijana kuwa lugha ya nyanya yake yaweza kuruka angani bila ya kuazima mbawa.

Na kwa jioni moja ya mvua, familia nzima, hata wadogo, watazame filamu ya Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009. Ni ya dakika 20 hivi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu waishi ndani ya jengo, na kila tone, hata jasho, husafishwa linywewe tena. Msichana aitwaye Asha apata udongo wenye uhai, apanda mbegu, kisha atoka jangwani na mche wake. Baada ya kuitazama, watoto waulizwe wametumia maji kiasi gani kutawadha siku ile. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alitukataza israfu ya maji.

Vitabu tulivyovitaja, isipokuwa Walenisi, vimeandikwa kwa Kiingereza. Twaona uchungu kidogo kwamba bahari ya Mombasa yasimuliwa kwa lugha ambayo nyanya ya Aisha asingeisimulia. Twawaomba wafasiri wetu walione hilo. Kwa sasa, binti asome kwa sauti na mama amkatize kwa maswali. Ndiyo njia nzuri kwa nyumba yenye lugha mbili.

Rafiki yetu, sasa kuhusu namna. Usivipokonye vitabu. Mtoto aliyezuiwa kusoma mezani husoma chini ya blanketi, na yale ya chini ya blanketi huyajui. Wala usiache kila kitabu kipite, kwani fani hii ina vitabu vilivyojaa uchafu usioongeza kitu; vipo, na si haba. Soma kurasa 30 za mwanzo wewe kwanza. Masomo ya utabibu ni amana, kwa hiyo mkubaliane saa: baada ya Isha kwa mfano, si usiku wa kuamkia mtihani. Kisha kila mmalizapo kitabu, ulizaneni mambo matatu. Nani alipata faida ya ilimu ile? Nani aliilipia? Na lau ungelikuwa wewe pale, kwa imani uliyo nayo, ungefanya nini? Mwache ajibu mpaka amalize. Huenda jibu lake la kwanza lisikupendeze. Lakini ni kheri alijibu sebuleni mwako, mbele ya kikombe cha chai ya tangawizi, kuliko kulijibu kwa mara ya kwanza akiwa peke yake wodini, usiku, mgonjwa yu mbele yake na mtu ana pesa mkononi.

Na wale jamaa wasemao ni upuuzi, usishindane nao. Waalike jioni moja, uwasomee kisa cha Bibi Rokeya. Wanaume watacheka wakijiona wamewekwa ndani. Na baada ya kicheko, mazungumzo yatakuja yenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu ilimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi subira ya kuwasikiliza. Wasomaji wenye riwaya nyingine za kupendekeza, hasa zilizoandikwa kwa Kiswahili, watuletee majina yake nasi tutamfikishia rafiki yetu.

Wabillahi tawfiq.